Ufundi wa Kukaa na Mwenye Mawazo

Kiswahili kina kauli fupi ya kumweleza mtu aliyelemewa na dhiki ya ndani: husemwa kwamba ana mawazo. Mgeni wa lugha hushangaa, kwa kuwa hakuna binadamu asiye na mawazo, lakini mwenyeji huelewa mara moja kwamba anayezungumziwa halali vizuri, chakula hakipiti kooni, na jambo analolifikiri humrudia usiku na mchana kama maji yanayozunguka mwamba bila kupata pa kutokea. Kauli hiyo ni mlango mzuri wa kuingilia ufundi uitwao tibasaikolojia, yaani tiba itumiayo mazungumzo yaliyopangwa kati ya mtaalamu aliyefunzwa na mtu mmoja, wawili au wengi, kwa kusudi la kupunguza dhiki ya nafsi na kumwezesha mtu kuishi kwa namna nyingine na yale yaliyomfika.

Jina jingine la kazi hii, unasihi, limetokana na nasaha, na hapo jina linaweza kumpotosha msomaji. Nasaha ni maneno mema ya kumwongoza mtu, nayo hayajawahi kuadimika katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu mtu aliyefikwa na jambo hupokea maoni ya wazee wa barazani, ya shangazi, ya somo aliyemfunda siku za harusi na ya imamu wa msikiti wa mtaani, mara nyingi kabla hajamaliza kulieleza. Maoni hayo yana thamani yake, na yameokoa nyumba nyingi. Mtaalamu wa tibasaikolojia, hata hivyo, hufunzwa kwa miaka namna ya kuuzuia ulimi wake usiyatoe. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1951 alichapisha kitabu kilichoeleza tiba inayomweka mteja katikati, alishikilia kwamba mtu hubadilika anapokutana na msikilizaji anayempokea bila masharti, asiyejifanya kuwa asichokuwa, na anayejitahidi kuyaona mambo kutoka mahali aliposimama msemaji. Kwa maneno mambo hayo ni mepesi. Kwa vitendo ni magumu mno. Mteja anaposema kwamba amechoka na nyumba, mnasihi mchanga huharakisha kuuliza ni nani aliyemchosha, ilhali aliyekomaa hulirudisha neno moja tu, "nyumba", kwa sauti ya chini, kisha hunyamaza. Nyumba katika Kiswahili ni kuta na paa, ni watu waliomo, na pia ni ndoa yenyewe, na mteja peke yake ndiye anayeweza kuchagua maana ipi iliyomchosha. Ukimya huo wa pumzi tatu au nne una kazi zaidi kuliko nusu saa ya mawaidha.

Anayetaka kuuona ufundi huu ukiwa bado haujaingia chumbani na aende bustani ya Mama Ngina, kwenye ukingo wa kusini wa kisiwa, mahali palipotengenezwa upya na ambapo sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika tarehe 20 Oktoba 2019. Jua linapopungua baada ya alasiri watu hununua mihogo iliyotiwa ndimu na pilipili, au dafu lililokatwa kichwa, wakaketi chini ya mibuyu au wakabaki ndani ya magari yaliyoelekezwa baharini, bega kwa bega, nyuso zote zikitazama mlango wa bahari wa Kilindini. Meli ya makontena inapopita polepole kuelekea bandarini wote huifuata kwa macho, na ni wakati kama huo ambapo neno lililokaa kifuani kwa miezi hutoka, kwa sababu msemaji hana jicho la mtu la kukabiliana nalo. Wataalamu wanaijua siri hiyo ya viti. Katika chumba kilichopangwa vizuri viti viwili havikabiliani uso kwa uso kama vya polisi na mshukiwa. Huwekwa mshazari, ili mteja aweze kumtazama mwenzake akitaka na kuangalia dirishani akishindwa, na saa ya ukutani huwekwa nyuma ya bega la mteja, ili mnasihi aone wakati bila kuinamia mkono wake. Sigmund Freud, aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi mjini Vienna, alikwenda mbali zaidi, akamlaza mgonjwa kitandani na yeye mwenyewe akaketi nyuma asikoonekana.

Lakini kuna kitu ambacho ukingo wa Mama Ngina hauwezi kukitoa, nacho ni siri. Mombasa ni mji ambao watu wake wameungana kwa damu, kwa kunyonya, kwa ndoa na kwa ujirani, na habari huvuka vichochoro vyake kutoka dirisha hadi dirisha kabla ya chai ya jioni. Mtu hufunga kinywa chake kwa hofu ya kutangazwa, na katika mazingira hayo sharti la kutotoa nje yanayosemwa chumbani ni zawadi ambayo baraza, kwa wema wake wote, haikuundwa kuitoa. Kenya iliiwekea kazi hii msingi wa kisheria kwa Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka wanaoifanya wasajiliwe. Siri yenyewe ina mpaka: maisha ya mtu yanapokuwa hatarini mtaalamu hulazimika kuwahusisha wengine, na mteja huelezwa hivyo katika kikao cha kwanza. Mpaka huo ulikuwa na uchungu wa pekee, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, hivyo kwamba mwenye kukiri alichotaka kukifanya alikuwa pia anakiri kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni vigumu kutaja hatua nyingine ya karibuni iliyofanya kusema kuwe salama zaidi kuliko hiyo.

Tiba ya mtu mmoja mmoja ina njia nyingi. Inayotumika sana leo ni tiba ya fikra na mwenendo, ambayo shina lake ni kazi ya Aaron Beck wa Philadelphia katika miaka ya 1960. Beck aliona kwamba wagonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, hupitiwa na mawazo ya haraka ambayo huyaamini bila kuyahoji, na akawafundisha kuyaandika na kuyapima. Msemaji wa Kiswahili anayesema kwamba ana mawazo amekwisha kufika nusu ya njia hiyo, kwa kuwa lugha yake imeiona dhiki mahali pale pale Beck alipoiona. Mama ambaye mwanawe anafanya kazi Ghuba na hajapokea simu kwa siku mbili huandika katika safu ya kwanza tukio lenyewe, katika ya pili wazo lililomjia, kwamba mwanawe amekufa, katika ya tatu namna moyo ulivyomwenda mbio, na katika ya nne mambo mengine yanayoweza kuieleza hali hiyo: zamu ya usiku, simu iliyoishiwa chaji, mwajiri anayeichukua simu wakati wa kazi. Haambiwi kwamba wazo lake ni la upuuzi. Hufundishwa kuliona kuwa ni wazo, na wazo linaweza kutazamwa.

Hofu, kwa upande wake, hutaka miguu pamoja na kalamu. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1958 kitabu kuhusu njia ya kumzoesha mtu kidogo kidogo na kile anachokiogopa, na hakuna mahali panapoieleza njia hiyo vizuri kuliko kivuko cha Likoni. Feri ya kivuko jirani cha Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, na hofu ya mtu wa Mombasa anayetetemeka kwenye mteremko wa kivuko ina kaburi nyuma yake. Mtaalamu humwomba mtu huyo apange ngazi ya hofu zake kuanzia ndogo. Siku za mwanzo wawili hao wanaweza kukaa Mama Ngina tu, wakizitazama feri zikienda na kurudi kwa mbali, mpaka pumzi ya mteja itulie. Baadaye wateremke hadi mahali pa kungojea, wasikie king'ora na minyororo ya mlango wa chuma, kisha warudi bila kuvuka. Wiki nyingine huvuka pamoja, mteja akiwa ameshika reli, na mwisho huvuka peke yake asubuhi ya watu wengi, akiwa amebanwa na mikokoteni na baiskeli. Ni kazi ya polepole isiyo na fahari ya nje. Anayepita pale huona watu wawili wamesimama tu, na hajui kwamba mmoja wao ananyang'anywa gereza lake, tofali baada ya tofali.

Viti vinapokuwa vitatu kazi hubadilika. Ndoa inapoyumba, desturi ya Waislamu wa pwani huweka msuluhishi kutoka upande wa mume na mwingine kutoka upande wa mke, na jambo lisipotengenea hufika kwa kadhi. Mpango huo una hekima ya mizani, kwa kuwa kila upande una wa kuusemea. Mtaalamu wa tiba ya wanandoa hasemei upande wowote, maana mteja wake ni ndoa yenyewe. Susan Johnson na Leslie Greenberg, walioanzisha nchini Kanada katika miaka ya 1980 tiba ya wanandoa inayoshughulikia hisia, walielekeza macho kwenye mzunguko unaojirudia kati ya wawili: mmoja hufuatia kwa maneno, mwingine hujifungia kwa ukimya, na kadiri huyu anavyofuatia ndivyo yule anavyojifunga. Simu iliyolazwa kifudifudi juu ya meza ya chakula inaweza kuwa kisa cha ugomvi wa miaka miwili. Mtaalamu haulizi simu ina nini. Humwuliza mke ni nini kinachomshika moyoni anapouona mgongo wa simu ile, na mume ni nini kinachomfanya aigeuze. Jibu la kwanza huwa hasira, la pili huwa lawama, na ni la tatu au la nne, baada ya subira, ambalo huwa hofu ya kuachwa kwa mmoja na hofu ya kushindwa kwa mwingine.

Kuhusu familia nzima, Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi na familia maskini za New York na baadaye Philadelphia, alifundisha kutazama kabla ya kusikiliza: nani ameketi karibu na nani, nani anajibu swali aliloulizwa mwingine, nani akianza kulia mtoto hufanya fujo ili machozi yasionekane. Familia ya Mombasa inayomleta kijana aliyeingia katika unga, yaani dawa za kulevya, humnyooshea kidole kuwa ndiye mgonjwa, na kwa kweli anahitaji matibabu. Hata hivyo huenda ikadhihirika kwamba baba na mama hawajasemezana kwa muda mrefu isipokuwa wanapomzungumzia yeye. Kijana kama huyo hawezi kupona bila nyumba kubadilika, na kuitamka kweli hiyo mbele ya bibi, wajomba na kaka wakubwa bila kumvunjia yeyote heshima ni kipimo kikubwa cha ustadi.

Tiba ya kundi ndiyo iliyo karibu zaidi na mizizi ya pwani, ambako ngoma ya pepo, ijapokuwa wanazuoni wa dini wameipinga, ilimpa mwanamke hadhara ya kuomba kupitia kinywa cha pepo yale ambayo kinywa chake mwenyewe kisingethubutu. Katika hospitali, daktari Joseph Pratt wa Boston aliwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu mwaka 1905, na kukutana kwenyewe kukawa sehemu ya nafuu yao. Ushahidi ulio karibu na nyumbani umetoka Uganda. Katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, mtafiti Paul Bolton na wenzake waliyajaribu makundi ya tiba ya mahusiano, inayoiangalia sonona kupitia msiba, ugomvi na mabadiliko ya nafasi ya mtu katika jamii. Wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili waliongoza makundi ya wanawake peke yao na ya wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokuwa na sonona kali katika makundi hayo walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5, ilhali kwa wasiohudumiwa walitoka 94 hadi 54.7. Takwimu hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Mjini Harare, kuanzia mwaka 2006, Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kukaa na wenye dhiki kwenye benchi la mbao katika viwanja vya kliniki, kwa kuwa madaktari wa akili walikuwa wachache mno. Washona wa huko nao huiita dhiki hiyo kufikiri kupita kiasi, na benchi hilo limekwisha kufika Zanzibar.

Viwe viti viwili au kumi, sehemu ngumu zaidi ya ufundi huu mara nyingi huja mwishoni. Dakika 50 zimekwisha, mteja ameinuka, ameshika kitasa, na akiwa ameupa chumba mgongo anasema kwamba yule mtoto aliyefariki akiwa mchanga alikuwa amekwisha kupewa jina. Mtaalamu hamrudishi kitini, kwa sababu nje kuna mwingine anayengoja, wala halichukui neno hilo kuwa la kuagana. Husimama naye palepale mlangoni, humwuliza jina, hulitamka mara moja pamoja naye, na Jumanne inayofuata, viti vikiwa mahali pake, kikao huanzia hapo.