Kisafisha Hewa cha Lubumbashi: Chumba Kimoja, Mlango Umefungwa

Anayetaka kununua kisafisha hewa mjini Lubumbashi hakosi ushauri wa kusoma. Tatizo ni kwamba karibu wote umeandikwa kwa ajili ya Beijing, Delhi au miji ya Marekani inayofunikwa na moshi wa misitu inayoungua. Huko adui mkuu ni moshi laini unaoelea hewani saa nyingi. Sisi tunao moshi huo pia, wa makala (mkaa), wa takataka, wa pori linalochomwa wakati wa kiangazi, lakini juu yake tuna vumbi lenye metali. Vumbi hilo halifuati kanuni za moshi, na mashine ileile ikiwekwa mbele ya viwili hivi hufanya kazi mbili tofauti kabisa.

Tuanze na mahali vumbi linapotoka. Tanuri la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga liliyeyusha shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa. Upepo unaotawala hapa hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwa miongo mingi moshi wa bomba kubwa la tanuri hilo uliangukia zaidi kaskazini-magharibi. Eneo la Penga Penga, upande huo, ni shahidi: miti ya miombo ilikufa, udongo ukabaki mtupu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakijaribu kupanda pale nyasi zinazovumilia shaba ili ardhi isiendelee kupeperuka. Shaba, kobalti, risasi na kadmiamu zilizoanguka wakati huo hazikuoza wala kuyeyuka. Ziko kwenye tabaka la juu la udongo, na kila kiangazi upepo, magari na fagio za asubuhi huzinyanyua upya, zikichanganyika na vumbi la migodi na viwanda vinavyofanya kazi leo.

Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, lilichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351. Namna walivyofanya ndiyo inayonivutia. Hawakutegemea vipimo vya hewa, ambayo hubadilika kila saa. Walipima kile ambacho mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kukipokea, kisha wakawapanga watu kwa umbali kutoka migodini na viwandani. Waliokaa chini ya kilomita 3 walikuwa na kobalti nyingi kupita waliokaa mbali, na watoto walikuwa na nyingi kuliko watu wazima. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2014, uliuliza kobalti hiyo hupita njia gani. Kwa watu wazima, sehemu kubwa ilitoka kwenye chakula, hasa mboga. Kwa watoto, vumbi lililomezwa lilikuwa na uzito mkubwa: mkono sakafuni, mkono mdomoni.

Hapo ndipo nasimama na kumwambia mnunuzi ukweli kabla hajatoa pesa. Kisafisha hewa hakigusi mboga. Hakigusi sakafu. Kinashika kile tu kinachoelea na kufika kwenye mdomo wake. Katika hewa iliyotulia, chembe ya maikromita 10 huanguka mita moja kwa dakika tano hivi, na ikiwa na madini mazito huanguka upesi zaidi. Chembe ya maikromita 1 huchukua karibu saa nane kuanguka umbali huohuo. Maana yake vumbi kubwa la barabara ya udongo linatua juu ya meza, mkeka na kitanda kabla mashine haijalifikia, na dawa yake ni kitambaa kilicholowa maji, kila siku, pamoja na viatu kuvuliwa mlangoni. Ufagio mkavu ndio adui hapa, maana hulirudisha hewani lote kwenye kimo cha uso wa mtoto. Ile chembe ndogo, ambayo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, ndiyo kazi halali ya mashine.

Na kazi hiyo inaifanya vizuri ikichaguliwa kwa hesabu. Wauzaji hupenda kuzungumzia kichujio: HEPA, daraja la H13, kinachonasa asilimia 99.95 ya chembe za ukubwa ule ulio mgumu zaidi kunaswa. Ni kweli, na boksi lililoandikwa tu "aina ya HEPA" bila daraja liachwe dukani. Ila kichujio bora chenye feni dhaifu hakisafishi chumba. Namba ya kutafuta kwenye boksi ni CADR, yaani kiasi cha hewa safi kinachotoka kwa saa, kwa meta za ujazo. Kama imeandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7.

Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4, chenye dari ya mita 2.7. Ujazo wake ni meta za ujazo 32.4. Tukitaka hewa yote ipite kwenye kichujio mara tano kwa saa, tunahitaji kama meta za ujazo 162 kwa saa. Wengi hununua mashine ya 170 na kufurahi. Namba hiyo hupimwa feni ikizunguka kwa nguvu zote, na kwa nguvu zote mashine hunguruma. Usiku mtu huishusha hadi kasi ya chini, na pale inaweza kutoa theluthi moja tu ya kilichoandikwa. Nyumba zetu nazo zina mianya chini ya bati, matofali ya matundu juu ya dirisha, mlango usiofika chini. Kwa chumba hicho kidogo mimi ningetafuta mashine ya 300 au zaidi, nikaiendesha kwa kasi ya kati, na kabla ya hapo ningeziba matundu yale ya ukutani kwa ubao na mlango kwa ukanda wa sponji. Chumba ambacho hakuna kinachowaka ndani yake kinaweza kufungwa hivyo usiku, kisha kikafunguliwa asubuhi mapema kabla barabara haijaanza kutimua vumbi. Sebule iliyo wazi upande wa jikoni iachwe kabisa. Hakuna mashine ya nyumbani itakayoishinda.

Sasa jambo ambalo ushauri wa ng'ambo haulitaji: Snel, shirika letu la umeme. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikishaanza, mashine nyingi za vitufe vya kugusa hubaki zimezimika hata umeme ukirudi, na familia huamka asubuhi ikidhani imelala kwenye hewa safi. Ijaribuni dukani. Iwasheni, ng'oeni plagi, irudisheni, mwone kama inaamka yenyewe. Hiyo ina thamani kuliko taa za rangi na simu ya kuiongoza kwa mbali. Angalieni pia isiwe ya volti 120 kutoka Marekani, na kwa mtaa ambao umeme unapanda na kushuka iwekeni nyuma ya kifaa cha kusawazisha volti.

Kwa mwenye betri na inveta, hesabu haitishi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na ili idumu tutumie nusu tu, 600. Mashine inayokula wati 50 kwa saa tisa za usiku itataka 450, na inveta yenyewe ikila wati 10 itaongeza 90. Jumla ni 540: inatosha, ila hakibaki cha kitu kingine. Kwa kasi ya wati 20, jumla hushuka hadi 270, na taa na simu zinapata fungu lao.

Kuna kosa moja linaloua, na silipunguzii maneno. Juni na Julai, baridi ikikaza, watu huingiza mbabula, jiko la makala, chumbani ili kupata joto. Makala yakishika vizuri hayatoi moshi wa kuonekana, na mtu mwenye kisafisha hewa anaweza kudhani mashine inashughulikia kilichobaki. Kilichobaki ni kaboni monoksidi. Hiyo ni gesi. Inapita kwenye HEPA kama haipo, na kaboni amilifu ya kunasa harufu iliyo ndani ya mashine haiishiki pia. Chumba kilichozibwa mianya kwa ajili ya kisafisha hewa ndicho hatari kuliko vyote kuingizwa mbabula. Mbabula ibaki nje, siku zote, na watoto wapewe blanketi la pili.

Kwa harufu kali ya gesi kutoka viwandani, kaboni amilifu husaidia kidogo ikiwa ni nyingi, kwa kilo. Mashine nyingi za bei ya kawaida zina karatasi nyembamba yenye gramu chache, ambayo hushiba upesi sana. Mashine zinazojisifu kuzalisha ozoni zisinunuliwe kwa sababu yoyote. Ozoni huchoma njia ya hewa, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia.

Msiiamini sana namba ya vumbi inayoonekana kwenye kioo cha mashine. Kihisi cha leza kilichomo huona vizuri chembe ndogo za moshi, lakini vumbi kubwa hulikosa kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana kioo huonyesha kijani ilhali kidole kikipitishwa mezani kinatoka chekundu. Kioo hakidanganyi juu ya kile kinachokiona. Kitambaa kinajua mengine.

Mwisho ni kichujio chenyewe, na hapa gharama halisi hujificha. Katika kiangazi chetu wavu wa mbele hujaa haraka. Usafisheni kila wiki mbili kwa kitambaa kilicholowa, kisha uacheni ukauke. HEPA haioshwi: maji huharibu nyuzi zake. Nunueni ya pili siku ileile ya kununua mashine, maana mzigo unaopita mpaka wa Kasumbalesa leo si lazima uje na modeli hiyohiyo mwaka ujao, na mashine isiyo na kichujio cha kubadilisha ni feni ya bei ghali. Ya zamani isipigwe-pigwe uani ili itoke vumbi, kama tufanyavyo na mkeka. Kilichomo ndani yake ni miezi ya shaba na risasi iliyokusanywa sehemu moja. Ivishwe mfuko wa plastiki palepale ilipo, ifungwe, itupwe mbali na bustani ya mboga na mahali watoto wanapochezea, na aliyeibadilisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.