Heko, Padri Haazen

Jumapili ukipita Homa Bay au Migori, ngoma na kayamba vinasikika kanisani, na hakuna anayeshangaa. Mapadri waliothubutu mapema wanastahili pongezi, na wa kwanza kwangu ni Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji aliyehudumu Kamina, Katanga, nchini Kongo. Aliunda kwaya ya wavulana na walimu wa shule, akawaachia waimbe Misa ya Kilatini kwa mahadhi ya kwao. Hivyo ndivyo Missa Luba ilivyozaliwa mwaka 1958.

Isikilize Kyrie yake. Imejengwa juu ya kasala, ombolezo la Waluba: mmoja anatoa kilio, wenzake wanampokea. Sanctus nayo inatokana na wimbo wa kuagana. Hapakuwa na noti zilizoandikwa. Walikubaliana mapigo, mengine wakayabuni papo hapo. Padri anayeruhusu hayo mbele ya altare anawaamini watu wake kwa dhati, na wakati ule mapadri wa aina hiyo walikuwa adimu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyofungua mlango kwa muziki wa kienyeji, ilitoka Desemba 1963, kwaya ya Kamina ikiwa imekwisha kuimba Ulaya.