Sikio la Ajuza: Ukinzani na Mpinduko katika Ngano ya Masala Kulangwa na Injili ya Luka

Katika ngano ya Wasukuma, walio wengi Bariadi na mkoani Simiyu kwa jumla, zimwi Shing'weng'we humeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, hukua, humwua zimwi na kumpasua tumbo. Waliomezwa hutoka wakiwa hai. Healey na Sybertz (1996) wanamsoma shujaa huyu kama mfano wa Kristo. Usomaji huo una mashiko. Hata hivyo, mpinduko mkubwa wa mauti kuwa uhai ukipewa nafasi yote, tukio dogo linalofuata husahaulika: katika kupasua, Masala hukata sikio la ajuza mmoja. Ajuza hukasirika, humtukana mwokozi wake na hata kutaka kumloga. Masala hutafuta dawa, akamponya.

Msomaji wa Biblia hukumbuka mara moja sikio la mtumwa wa Kuhani Mkuu. Injili zote nne zinasimulia kukatwa kwake. Yohana peke yake anawataja Petro na Malko, na Luka peke yake (22:51) anasimulia kuponywa. Lakini kufanana huku ni kwa juu juu. Malko amekuja pamoja na wakamataji. Anajeruhiwa na mwanafunzi, anaponywa na anayekamatwa. Ajuza, kinyume chake, ni miongoni mwa waliookolewa, na mkono uliomjeruhi ndio unaomponya. Luka anamgeuza adui kuwa mgonjwa anayehudumiwa. Ngano inamgeuza mkombozi kuwa mdaiwa, jambo ambalo Injili haithubutu kulisema juu ya Yesu.

Jozi ya kweli ya ajuza ni mwana mkubwa wa Luka 15. Naye ni wa nyumbani, naye ananung'unika siku ya furaha. Kwa hadhira ya wafugaji, kama ilivyo sehemu kubwa ya Simiyu, lalamiko lake haliwezi kupuuzwa kuwa wivu mtupu: ndama aliyenona amechinjiwa mtapanyaji, ilhali yeye aliyetumika miaka yote hajapewa hata mwana-mbuzi. Baba hakanushi hesabu hiyo. Anatoka nje, anamsihi, kisha Luka ananyamaza bila kueleza kama kijana aliingia. Ajuza alipata dawa, na Masala akawa mtemi. Baba wa mfano anaachwa amesimama nje, ngoma ikilia ndani.