Puavroni ya Weston na kosa langu la flashi



Hapa tumezoea kuchambua vitabu, filamu na nyimbo. Leo mniruhusu nichambue foto moja tu, tena foto ya mboga: pilipili hoho, ile sisi wote tunaita puavroni. Najua kuna wenye wataanza kucheka, eti agronomu amerudi tena na mboga zake. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho, juu foto hii ndiyo ilinionyesha kosa lenye nilimfanyia mama mmoja wa Kabare, na kosa lile yeye ndiye alililipa, si mimi.

Foto yenyewe inaitwa Pepper No. 30. Iko ya Edward Weston, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1886 na kufa mwaka 1958. Aliipiga kule Carmel, California, siku za kwanza za mwezi wa nane 1930. Ni nyeusi na nyeupe. Ndani yake hakuna kitu kingine: puavroni moja imesimama, imejikunja kama mtu mwenye kusikia baridi, na nyuma yake giza. Itafute kwenye telefone yako, uiangalie vizuri, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Bila shaka umeona mgongo wa mtu, bega, pengine watu wawili wamekumbatiana. Wengi wanaona hivyo. Weston mwenyewe aliandika katika daftari lake kwamba ile ni puavroni, lakini ni zaidi ya puavroni. Hapo ndipo mimi ninaanza kubishana naye. Kwa mtu mwenye lisanse ya agronomia, puavroni inatosha kuwa puavroni. Tena ile yake, mama muuzaji wa soko la Kadutu angeitupa kwenye fungu la bei ya chini, juu imepinda. Ukitafuta mwili wa mtu ndani ya foto ile, utapita pembeni ya kazi kubwa aliyoifanya Weston. Kazi hiyo ni namna alivyoshika kung'aa kwa ile ngozi.

Nieleze kwanza kosa langu, mtaelewa juu ya nini nasema hivyo.

Msimu mmoja wa mvua nilikuwa nafuata wakulima wachache wa mboga, bila mshahara, ili tu nisisahau kile nilichosoma. Kufika shambani kulihitaji pesa ya moto, na pesa haikuwapo. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa WhatsApp. Siku moja jioni mama mmoja akanitumia sauti: «Agronomu, puavroni zangu ziko zinaharibika. Mutoto amepiga foto, angalia.» Foto ilipigwa usiku ndani ya nyumba, kwa flashi, juu yule kijana anashinda mjini na anarudi giza limekwisha kuingia.

Nikaangalia. Puavroni ya kijani, na ubavuni doa kubwa jeupe. Kichwani mwangu likaja somo la mwaka wa pili: tunda lililokosa kivuli cha majani linaungua na jua, ngozi inakuwa nyeupe na kukauka kama karatasi. Nikamjibu kwa kiburi kidogo: «Mama, ile ni jua. Tengeneza kivuli kwa majani ya ndizi, itaisha.» Akasema: «Sawa, mutoto yangu, aksanti.» Akakata majani, akafunika mistari yote.

Nyuma ya wiki mbili akaniita tena. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Mutoto yangu, ile jua yako inakula mpaka chini ya kivuli.»

Nikakopa pesa, nikapanda. Nilipookota tunda la kwanza nikasikia haya. Lilikuwa na vidonda vya mviringo, vimezama ndani, na katikati vimeanza kuwa vyeusi: antraknozi, ugonjwa wa kuvu wenye unarushwa na matone ya mvua kutoka tunda moja kwenda lingine. Kila siku ya wiki zile mbili, mvua ilikuwa inaufanyia ugonjwa kazi ya usafiri. Na lile doa jeupe? Nilizungusha matunda mengi, sikuliona hata kwenye moja. Lilikuwa mwanga wa flashi. Nilimpa mama dawa ya kutibu taa ya telefone ya mtoto wake. Sehemu kubwa ya mavuno ya msimu ule ilitupwa.

Miezi ikapita. Rafiki mmoja mwenye anapenda mambo ya foto akanionyesha ile ya Weston. Watu wote pale walisema «mzuri sana». Mimi nilinyamaza, nikatafuta doa jeupe kama lile la flashi. Halipo. Puavroni yote inang'aa kutoka juu mpaka chini, lakini hakuna mahali ngozi imefutwa. Mwanga unatoka kwenye weupe, unashuka polepole kwenye kijivu, kisha unaingia kwenye mikunjo na kuwa giza. Nikajiuliza: huyu mtu alifanyaje?

Jibu liko rahisi, hata linaudhi. Weston alikuwa amepiga puavroni nyingi mwaka 1929, na mwaka 1930 akarudia tena. Mwenzake Sonya Noskowiak alikuwa anamletea puavroni mpya nyumbani. Alijaribu kuweka kitambaa nyuma, akajaribu karatasi ngumu nyeupe, hakuridhika. Mwishowe akachukua faneli kubwa ya bati, kama ile tunayomiminia mafuta ya mawese kwenye bidoni, akailaza ubavu, na puavroni akaisimamisha mdomoni mwa ile faneli. Mwanga ulikuwa wa mchana, si taa. Bati likaupokea na kuurudisha taratibu kwenye pande zote za tunda. Tundu la lenzi alilifunga likawa dogo sana ili kila mkunjo uonekane wazi, kwa hiyo kamera ililazimika kukaa wazi dakika kadhaa. Dakika, si sekunde. Na puavroni haikutikisika.

Sasa tuelewe juu ya nini faneli inashinda flashi. Ngozi ya puavroni imepakwa nta, na nta ile ni laini. Mwanga ukifika pale unagawanyika. Sehemu moja inaingia ndani ya ngozi, inazunguka mle, inatoka na rangi ya kijani. Hiyo ndiyo yenye inabeba habari za tunda. Sehemu nyingine haiingii. Inagonga mlangoni na kurudi kama mpira ukutani, na rangi yake ni ile ile ya taa iliyoituma. Flashi ya telefone iko karibu kabisa na lenzi, basi mahali popote ngozi inapoitazama kamera usawa, mwanga unarudi wote machoni mwa kamera. Unapata doa jeupe lisilo na habari yoyote. Ukiweka mbele ya kitu chenye kung'aa taa ndogo kali, utapiga foto ya taa ndogo kali. Ukikizungushia mwanga mpana na mpole, utapata umbo lake. Ndiyo maana nasema Weston kwanza alitengeneza ile nyumba ya bati, kisha akapiga foto ya puavroni.

Hapa ndipo ninampa heshima yake yote. Lakini sitafunga bila kumlaumu kidogo.

Foto yake iko na upande mmoja tu. Alichagua sura moja kati ya nyingi, akaondoa rangi, akaficha mgongo wa tunda. Kwa msanii ni haki yake. Ila sisi tunaoangalia tunatoka pale tukiamini kwamba kitu kinachong'aa vizuri ni kitu kizima. Wauzaji wa soko wanaijua imani hiyo kuliko msanii yeyote: wanapangusa tomati kwa kitambaa, wanazirushia maji, wanageuza upande mzuri kwako. Na sisi wenye diploma tunafanya hivyo hivyo kwenye ripoti za miradi. Tunapiga mboga bora, upande bora, saa bora, tunamtumia mfadhili. Pepper No. 30 ni foto kubwa, lakini mkulima akiiga peke yake hatajua kama shamba lake linaoza. Yeye anahitaji foto tatu.

Nimejaribu hivi na mama yule yule, na imefaa. Usiku hatupigi foto, tunangoja asubuhi. Flashi inazimwa. Tunda linawekwa kwenye kivuli cha baraza, karatasi nyeupe ya daftari ubavuni mwake ifanye kazi ya faneli. Kisha anapiga foto, anazungusha tunda kidogo, anapiga tena, anazungusha, anapiga ya tatu. Mimi naangalia zote tatu pamoja. Doa lenye linabaki mahali pamoja kwenye kamera huku tunda linazunguka, hilo ni mwanga. Doa lenye linazunguka pamoja na tunda ni lake, na ndilo la kuogopa. Kwa majani yenye kung'aa, ya kahawa kwa mfano, tunafanya vile vile.

Msimu uliofuata, vidonda vya kwanza tuliviona mapema. Mama akaondoa matunda yale na kuyatoa mbali na shamba, akaacha kumwagilia kwa juu. Hakupoteza kama mara ya kwanza. Siku moja akaniuliza: «Sasa ile karatasi, nani alikufundisha?» Nikamwambia ni Mzungu mmoja wa zamani, aliyeweka puavroni ndani ya faneli, akaipiga foto, kisha akaila.

Ndiyo, aliila. Weston alikuwa anakula puavroni zake akimaliza kazi. Mama alicheka sana. Akasema: «Ah, basi huyo alikuwa na akili. Yako wewe nilitupa.»

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Wenzangu agronomu, daktari, jeolojia, ninyi wote mnaopokea foto kwenye telefone na kutoa shauri: mara ya mwisho ulipomjibu mtu kwa foto moja, ulimwomba azungushe? Tuandikiane hapa chini.