Mwamba, Simba na Mamba: Uhakiki wa Tafsiri ya Nahau Moja

Miongoni mwa nahau za Kiingereza zinazowasumbua wanafunzi wetu wa tafsiri imo «between a rock and a hard place». Wengi huiandika «kati ya mwamba na mahali pagumu». Maneno yote yamo, maana haimo: msomaji wa Kiswahili haoni hapo mtu aliyebanwa.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1921 jarida la Kimarekani Dialect Notes liliiorodhesha kwa maana ya kufilisika, likasema ilikuwa ya kawaida huko Arizona wakati wa misukosuko ya fedha. Wapo wanaoihusisha na wachimbaji wa shaba wa Bisbee, waliogoma mwaka 1917. Zaidi ya watu 1,000 walifukuzwa kwa treni hadi New Mexico. Mwamba, wasema, ni machimbo; mahali pagumu ni umaskini. Maelezo hayo yatugusa sisi wa Lubumbashi, mji wa shaba, ambako wagomaji wa Union Minière walipigwa risasi Desemba 1941. Lakini kuguswa si ushahidi: jarida lataja misukosuko ya fedha, halitaji mgomo.

Je, kisawe chake ni kipi? «Maji ya shingo» huonyesha kiwango cha taabu, ila taabu yenyewe ni moja. «Njia panda» ina njia mbili, lakini mojawapo yaweza kuwa njema. Nahau ya Kiingereza yadai mambo mawili pamoja: pande ziwe mbili, na zote ziwe mbaya.

Dhana hiyo si ngeni kwetu. Wachoraji wa mijini nchini Kongo waliieneza kwa picha iitwayo Inakale: mtu amemkimbia simba, akapanda mti ulioinamia mto, mtini mna nyoka, majini mamba anamngoja. Watu waliitundika sebuleni bila kuhitaji maelezo.

Maoni yetu, basi, ni kwamba kinachopaswa kutafsiriwa ni mbano, wala si mwamba. «Nyuma simba, mbele mamba» hutimiza masharti yote mawili. Hata hivyo, pale ambapo matini yenyewe yahusu machimbo na mwandishi akalichezea neno «mwamba», mfasiri hana budi kulihifadhi na kulifafanua. Muktadha ndio uamuzi. Kamusi peke yake haitoshi.