Ufundi wa Kuotesha Kuvu

Mtaalamu anayeotesha kuvu maabarani anastahili sifa sawa na mkamuaji wa mawese wa Rumonge, nchini Burundi, kwa kuwa wote wawili hutegemea subira na jicho lililozoea rangi. Kwenye mwambao huohuo wa Ziwa Tanganyika, mjini Bujumbura, mwishoni mwa miaka ya 1980, Danielle Swinne na wenzake walichunguza nyumba za wagonjwa wa UKIMWI walioshambuliwa na kuvu iitwayo Cryptococcus neoformans, ambayo huvutwa kwa pumzi, hutua mapafuni na, kinga ya mwili ikidhoofika, hupenya hadi ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo. Nao wakaiotesha kutoka katika vumbi la nyumba hizo.

Kuitambua kuvu moja katika vumbi lenye kuvu za kila namna si kazi nyepesi. Mwaka 1962 Friedrich Staib alionyesha kwamba, ikilishwa mbegu za Guizotia abyssinica, zao la mafuta linalolimwa Ethiopia, kuvu hii hugeuka kahawia, kwani hutengeneza melanini, rangi inayoikinga dhidi ya mashambulizi ya mwili.

Hata hivyo, kuwa na jeni ya kutengeneza rangi hiyo si kuitumia. DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na alama ndogo za kikemia zinazobandikwa juu ya histoni au juu ya DNA yenyewe huchangia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Udhibiti huo, usiobadili herufi za DNA, ndio epijenetiki. Mwaka 2020 kundi la Hiten Madhani, huko California, lilieleza kwamba mababu wa kuvu hii walipoteza, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, kimeng'enya cha kuweka kwenye DNA alama mpya za methili, aina mojawapo ya alama hizo, wakabaki na Dnmt5, ambacho hunakili zilizopo tu. Na bado alama hizo zimerithishwa hadi leo.

Ufundi nao hurithishwa hivyo, kwa kunakiliwa mkono kwa mkono, na ukikatika ni vigumu kuurudisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kuvu hii katika kundi la kuvu za hatari zaidi. Basi vijana wa mwambao wa Tanganyika wafunzwe kuotesha kabla ya kufunzwa kusoma jeni, kwa maana bila kuvu iliyooteshwa safi hakuna alama ya kusomwa.