Anza na Woga, Bunduki Baadaye

Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita wa mezani uliotoka Uingereza mwaka 1987: vikosi vya vinyago vilivyopakwa rangi kwa mkono, na dunia ya milenia ya 41 ambamo uhai wa mtu hauna thamani. Wanaotaka kuigeuza dunia hiyo iwe hadithi, kila mchezaji na mhusika wake mmoja, aghalabu huanza na orodha ndefu ya silaha, kisha hushangaa mbona mchezo hautishi. Mimi nasema waanze na woga, kwani ndio unaohama kutoka mchezo mmoja hadi mwingine bila kupungua.

Chukua kanuni za mchezo wa uigizaji wa Dungeons & Dragons alizohariri Tom Moldvay mwaka 1981, ambazo wapenzi wa mtindo wa kizamani huzirudia hadi leo. Kila adui ana kiwango cha ari. Wenzake wakianza kuanguka, msimamizi hurusha dadu mbili. Jumla ikizidi kiwango hicho, wanatimua mbio. Warhammer, katika matoleo yake ya zamani, ilipima moyo wa kikosi kwa dadu mbili vilevile na kwa mwelekeo uleule. Basi askari wa kawaida wa Himaya, dola ya wanadamu, mwenye kiwango cha 7 anaingia na 7 yake: atasimama imara mara 21 katika 36. Akiwa chini ya ofisa mwenye 9, mara 30. Wachezaji watang'amua wenyewe nani wa kupigwa risasi kwanza.

Deraya inadai hesabu kidogo. Warhammer hurusha dadu ya ziada kuona kama risasi imezuiwa. Moldvay hulimaliza jambo hilo kwa dadu moja ya pande 20. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza humpata asiye na deraya kwa asilimia 55. Deraya ya askari wa kawaida huzuia theluthi moja ya mapigo, kwa hiyo zinabaki kama 37, na daraja la deraya lililo karibu ni 5. Ile nzito ya Space Marine, askari mteule wa Himaya, huzuia theluthi mbili: zinabaki 18, daraja la 2. Daraja likishuka, ulinzi umepanda.

Mahali pa kuchezea hapana haja ya kupatafuta nje ya Kaunti ya Nakuru. Huko Olkaria, mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke uliwashwa mwaka huohuo wa 1981. Mabomba yake yamevikwa bati linalong'aa, na kila baada ya mwendo hupindwa kama fremu ya mlango ili chuma kitanuke kwa joto bila kupasuka. Yasogeze miaka 38,000 mbele: watu wamezaliwa na kufa chini yake, hakuna ajuaye yanavyofanya kazi, nao huyafukizia ubani. Kanuni za Moldvay huhesabu muda kwa zamu za dakika 10, na mwenge huisha baada ya zamu 6. Badala ya mwenge weka chujio la barakoa, maana mvuke wa ardhini huja na hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu iliyo nzito kuliko hewa, inayotuama mabondeni. Zamu ya nne tu, utasikia mabishano: turudi, au tuingie chumba kimoja zaidi?

Space Marine nisingempa mchezaji. Kanuni zake katika matoleo ya zamani zilimfanya ajipange upya hata akirudishwa nyuma, na asiyejua kukimbia huubomoa mchezo uliojengwa juu ya woga. Apite kwa mbali, mara moja katika msimu mzima, na wale askari wenye 7 wakimwona warushiwe dadu za ari, ingawa yuko upande wao.